Spini zimelala! Kumbukumbu ya mradi wangu wa utando wa chuma

Jana saa nane usiku spini zimelala, yaani sumaku ndogo ndogo za atomu za chuma, kwenye laptopu yangu, zimegeuka kutoka wima zikalala sambamba na utando. Wiki tatu nahangaika na hiki kitu jamani, nilitoka kibarazani nikatembea tembea kwanza maana kukaa nilishindwa.

Ninachotaka ni kile walichokiona maabara Pappas, Kämper na Hopster mwaka 1990: chuma cha tabaka chache za atomu juu ya shaba, kwenye baridi usumaku unasimama wima, ukipasha unalala, ukipoza unasimama tena. Mimi nafanya kwenye laptopu, Monte Carlo (kompyuta inabahatisha mwelekeo mpya wa spini, inaukubali au kuukataa, mara nyingi sana), gridi ya spini 64 kwa 64.

Sasa zangu zilikuwa hazilali. Napandisha joto zimesimama tu, napandisha tena zimesimama, mpaka usumaku wote unapotea hakuna iliyoinama. Nikapunguza anisotropia, ile nguvu inayozisimamisha wima, wapi. Nikashuku mvuto wa spini za mbali, ule unaozilaza, nikauandika upya wote kwa FFT (njia ya kukokotoa haraka), siku nne zimekwenda, jibu lile lile.

Juzi nikazima kila kitu. Hakuna anisotropia, hakuna mvuto, spini zielekee zinakotaka. Hapo wastani wa z mraba (z ni sehemu ya spini iliyo wima, spini yote ikiwa na urefu 1) lazima uwe theluthi moja, maana x, y na z zote zina haki sawa. Nikapata 0.5. Nimerudia mara sita, 0.5.

Kosa lilikuwa kwenye kuchagua mwelekeo mpya. Nilikuwa nachagua pembe kutoka nchani kwa usawa, sasa fikiria tufe la dunia, duara la karibu na ncha ni dogo, la ikweta ni kubwa, ukizigawia sawa spini zinarundikana nchani. Na kadiri joto linavyopanda ndivyo kosa linavyozidi kuzisimamisha! Dawa ni mstari mmoja: chagua z kati ya -1 na 1, halafu pembe ya kuzunguka. 0.333.

Nikawasha vyote, saa tano umeme ukakatika, betri yangu haifiki dakika kumi, bahati nilishaweka ijihifadhi kila hatua 500. Umeme kurudi ikaendelea, na saa nane zikalala, nikapoza zikasimama. Ukiita usumaku uliobaki m, anisotropia inashuka kama m kwa kipeo cha 3, mvuto wa mbali kama m mraba, kwa hiyo joto likipanda kinachozisimamisha kinachoka mapema.

Halafu Python nimebakisha ya kuchora grafu tu, lupu zote nimehamishia lugha ya C. Numba, ile ya kuharakisha Python, watu wanaisifia, sikatai, ila ikigoma sijui nianze kutafuta wapi, C ikigoma najua.

Ilikuwa nifuate nikeli juu ya shaba, yenyewe ni kinyume, nyembamba inalala, ikifika kama tabaka 7 inasimama. Isubiri. Maana kwenye joto lile lile la kugeukia nimeona mistari, spini za huu zinaelekea juu, za unaofuata chini, juu chini, imepinda pinda kama mchanga wa Kunduchi maji yakikupwa. Allenspach na Bischof waliiona kwenye chuma juu ya shaba mwaka 1992, na sasa iko kwenye skrini yangu. Nataka nipime upana wake unavyobadilika na joto, gridi ya 128 nimeiwasha asubuhi hii na feni nimeielekeza kwenye laptopu.