Chui haogopi maji

Jirani yangu hapa Mikindani anasema mbwa wangu Chui ni mkaidi. Akiona ndoo tu anafyata mkia na kujibanza nyuma ya pipa. "Mfunge mdomo umwogeshe, mama," ananiambia. Siafiki hata kidogo.

Mbwa huyuhuyu, bahari ikipwa, hushuka mwenyewe kufukuza kaa, akarudi amelowa mpaka masikio. Basi maji hayana kosa. Nilipomtazama vizuri, nikaona anaanza kutetemeka kamba inapomgusa shingo, hata ndoo haijajaa. Alikuja kwangu akiwa mkubwa. Huko alikotoka alikuwa akifungwa kwenye mnazi na kumwagiwa dawa ya kupe kichwani. Dawa hiyo huwasha macho, na aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Kupe lazima watoke. Kwenye nyasi za chini ya mikorosho wamejaa, na huambukiza mbwa homa inayoweza kumuua. Kwa hiyo tumeanza upya, bila kamba. Namwagia maji kwa kopo kuanzia miguuni. Uso naufuta kwa kitambaa. Chini natandika gunia, maana saruji ikilowa inateleza, na mbwa anayeteleza huogopa zaidi. Kila nikimgusa, anapata dagaa mmoja asiye na chumvi. Akigeuza uso, akilamba midomo wakati hali kitu, akipiga miayo wakati hana usingizi, naacha palepale. Akinguruma naacha pia, na simpigi. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, halafu siku moja anauma bila kuonya. Nyumbani kwangu kuna wajukuu.

Kazi iko kwenye kucha. Za Chui ni nyeusi, kwa hiyo ile nyama ya ndani yenye mshipa wa damu haionekani. Ukiigusa kwa mkasi anaumia kweli, si kudeka. Nakata ncha tu, tena ukucha mmoja, tunaishia hapo kwa siku hiyo.

Sikio la kushoto alilikatalia kabisa, hata kwa dagaa. La kulia alikuwa ananiachia, na tofauti hiyo ikanitia shaka. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akakuta usaha ndani. Sasa anatiwa dawa ya matone, na mpaka apone sikio hilo sitaligusa kwa kitambaa. Jirani nimemweleza yote haya. Juzi kaja mwenyewe na dagaa mkononi.