Usalama wa askari magereza huanzia kwenye hesabu ya zana

Wanasiasa wakigusa usalama wa askari magereza, hukimbilia adhabu. Kule New York, sheria ya HALT iliyoanza kutumika 2022 inazuia kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Februari 2025 askari waligoma, wakitaka iondolewe. Ila walilalamikia pia uhaba wa watu na zamu za saa 24, na kwangu hapo ndipo penye uzito.

Chukua karakana ya viatu, mfano ile ya gereza la Karanga hapa Moshi. Penye visu vya ngozi na shazia, zile sindano nene, kila zana itolewe kwa namba na saini, na umbo lake lichorwe ubaoni ili pengo lionekane mara moja. Hesabu ifanyike kabla wafungwa hawajatoka karakana. Askari akiwa mmoja kwa kundi kubwa, kazi hiyo huachiwa mnyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake. Kisu kikishafika bwenini, anayekwenda kukitafuta ni askari yuleyule. Bunduki isiingie kati ya wafungwa kabisa. Na milango miwili ya lango kuu isifunguliwe kwa pamoja, hata dereva wa lori la kuni apige honi vipi.