Nani hakulenga?

Ni maneno mawili tu, na yamenikaa kooni tangu Jumanne.

Msimamizi wangu (yule yule wa kalamu nyekundu, sijabadilishiwa) alikuwa na sura ya tatu ya tasnifu yangu ya muziki mezani. Akafungulia kipande cha wimbo cha sekunde 14 kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye noti niliyoiandika.

"Ameimba hivi?"

"Ndiyo, mwalimu. Ila hapo hakulenga vizuri, nikamsawazishia."

"Nani hakulenga?"

Sikujibu. Akarudisha kipande, tukasikiliza tena, kisha akahamia kwenye makosa ya tanbihi kana kwamba hakuuliza kitu. Hapo ndipo panapouma: hakunigombeza. Tangu siku hiyo namsikia nikipiga mswaki, nikiwa foleni ya maktaba, usiku nikigeuza mto. Kuna saa mkazo nausikia kwenye "nani", kuna saa kwenye "hakulenga", na nikichoka kabisa nausikia kwenye ukimya uliofuata.

Wiki yenyewe haikukosa mambo. Dada amejifungua pacha Jumatano, ile semina ya idara niliyoiogopa imeisha salama, nimehamia chumba cha juu. Mimi niko na noti moja.

Asichokijua mwalimu ni kwamba anayeimba pale ni Bibi. Kwenye tasnifu anaitwa Mwimbaji wa 4, maana watoa taarifa wote nimewaficha majina. Mwimbaji wa 4 ndiye aliyenibeba mgongoni. Leo nasomea uzamili wa muziki, nimekaa mbele za watu nikasema hajui kulenga.

Alhamisi nikairudia makala ya Charles Seeger, mtaalamu wa muziki wa Marekani, ya mwaka 1958, pale anapotenganisha noti zinazomwelekeza mtu afanye nini na noti zinazoeleza kilichosikika. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani mwaka jana, nikalijibu vizuri kabisa. Kumbe nilikariri.

Basi nikafungua programu ya kupima kimo cha sauti. Tangu Alexander Ellis, mtaalamu Mwingereza, mwaka 1885, oktava (kutoka do hadi do ya juu yake) tunaigawa senti 1200, kila nusu toni, yaani kitufe hadi kitufe cha jirani, senti 100. (Ellis mwenyewe alisaidiwa na masikio ya Alfred Hipkins, mtaalamu wa piano, katika vipimo vyake, jambo linalonifariji kidogo.) Kwenye kinanda, mi iko senti 400 juu ya do, ukiishusha nusu toni inakuwa 300. Bibi yuko 350 hivi. Nikasema haya, si ndiyo, ameteleza. Nikapima kiitikio kila alipokirudia, mara 11. Zote ziko kati ya 343 na 358.

Nilicheka peke yangu saa saba za usiku. Mtu gani anateleza mara 11 akaangukia palepale? Alikuwa analenga, tena kuliko mimi. Sikio langu limelelewa na kinanda, na kinanda hakina kitufe cha mahali pale, kwa hiyo kila alipofika nilimsukuma akae kwenye kitufe cha jirani, nikaona namsaidia.

Nimeifuta ile noti nikaiandika upya, juu yake nikachora mshale mdogo unaoshuka. Nimeutazama mshale huo kwa furaha isiyo na kiasi. Halafu nikajaribu kuiimba mwenyewe mbele ya programu: 391. Nikarudia: 312. Mara ya tatu, 388. Nikafunga mlango vizuri nisije nikasikika, nikaendelea mpaka koo likakauka.

Jumanne ijayo nampelekea mwalimu karatasi. Kama nimwambie Mwimbaji wa 4 ni nani, sijaamua.

Shemeji katuma ujumbe sasa hivi: yule pacha wa pili bado hanyonyi vizuri, daktari atamwangalia asubuhi. Nimeandika "poleni", nikafuta. Nikaandika "Dada yuko macho?" Imeshapita nusu saa.