Kabla ya kutoa damu, jua majibu yatabadili nini

Kipimo cha DNA ya saratani kwenye damu kinanipa matumaini makubwa, na ndiyo maana nakosa raha kinapoagizwa kiholela. Damu inatolewa, majibu yanafika, halafu ndipo watu wanakaa kuulizana: sasa tufanyeje? Swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla ya sindano. DNA hiyo ikionekana, tutafanya nini? Isipoonekana, je? Kama majibu yote mawili yanatupeleka kwenye dawa ileile na tarehe ileile ya kliniki, basi mgonjwa ameongezewa hofu tu.

Seli zinapokufa humwaga vipande vifupi vya DNA kwenye damu. Seli za saratani nazo humwaga vyake, vikiwa na alama za mabadiliko ya jeni. Vipande hivi havikai sana. Muda wa nusu yake kutoweka unahesabiwa kwa dakika hadi saa chache. Kwa hiyo damu ya leo inaeleza hali ya leo, wakati picha ya CT huenda ikasubiri wiki nyingi uvimbe ukue au unywee ndipo ionyeshe tofauti.

Tatizo ni uchache. Tuchukue tyubu moja ya mililita 10. Ikizungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji inatoa plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, kama mililita 4. Tukikadiria nanogramu 5 za DNA katika kila mililita, tunapata nanogramu 20. Nanogramu 1 ni sawa na nakala 300 hivi za jenomu (seti nzima ya DNA ya mtu), kwa hiyo tuna nakala 6,000 tu za kufanyia kazi. Mtu aliyetolewa uvimbe akabakiwa na masalia madogo anaweza kuwa na kipande 1 cha saratani katika kila 10,000. Fanya hesabu mwenyewe: tyubu hiyo inaweza isiwe na hata kipande kimoja chenye badiliko tunalolitafuta, na hakuna mashine inayosoma kisichokuwemo. Ndiyo sababu vipimo vingi vya masalia huanza na kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe wenyewe. Uvimbe unasomwa, yanachaguliwa mabadiliko 16 au zaidi ya mgonjwa huyo huyo, kisha yote yanatafutwa kwa pamoja. Nakala zile 6,000 sasa zinatoa nafasi 96,000 za kuikuta saratani. Kuongeza tyubu ya pili nako kunasaidia.

Kwa hesabu hiyo, majibu ya "haikuonekana" yana mpaka. Yanasema kwamba katika damu hii, kwa uwezo wa kipimo hiki, alama hazikupatikana. Kuna uvimbe ambao kwa asili humwaga kidogo: wa ubongo, uliotanda kwenye utando wa tumbo, wakati mwingine uliosambaa kwenye mapafu peke yake. Mgonjwa wa aina hiyo akiambiwa "damu yako safi" amedanganywa, hata kama aliyesema alikuwa na nia njema.

Saratani ya utumbo mpana ndiyo iliyotupa ushahidi ulio wazi zaidi baada ya upasuaji. Utafiti wa DYNAMIC wa Australia, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha wagonjwa 455 wa hatua ya pili. Damu ilichukuliwa wiki ya 4 na wiki ya 7 baada ya upasuaji. DNA ikionekana mara yoyote kati ya hizo, mgonjwa alipewa tibakemikali, isipoonekana, hakupewa. Katika kundi lililoongozwa na kipimo asilimia 15 walipata tibakemikali, dhidi ya asilimia 28 katika kundi la utaratibu wa kawaida, na bado baada ya miaka 2 waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 93.5 kwa 92.4. Hapo jibu lilibadilisha kitu, na kilichobadilishwa kilikuwa kimeamuliwa mapema.

Wiki ya 4 ina sababu yake. Kidonda cha upasuaji chenyewe humwaga DNA nyingi ya kawaida, na ile ya saratani humezwa humo. Ukiwahi sana, unajitafutia majibu hasi ya uongo. Ukichelewa, nafasi ya kuanza tibakemikali inapita, maana kwa utumbo mpana kawaida inatakiwa ianze ndani ya wiki 8. Na kwa kuwa kutengeneza kipimo cha mgonjwa mmoja mmoja kunachukua wiki kadhaa, kinyama kinapaswa kutumwa maabara mara tu ripoti ya patholojia ikitoka. Kusubiri hadi wiki ya 5 ndipo mtu akumbuke kuagiza ni kupoteza faida yote.

Mambo mengi huharibika mezani, kabla damu haijafika maabara. Tyubu ya zambarau ya EDTA inatakiwa izungushwe ndani ya saa chache, bora isizidi saa 4. Ikikaa, chembe nyeupe zinapasuka na DNA yao inafunika ile tunayoitafuta. Tyubu ya kijani yenye heparini isitumike, kwa sababu heparini huzuia PCR, njia ya maabara ya kunakilisha DNA ili isomeke. Kama safari ni ndefu kuna tyubu maalumu zenye dawa ya kushikilia chembe zisipasuke, nyingine hutunza damu hadi siku 14 kwenye joto la kawaida. Hizo zijazwe hadi alama, zipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, na zisigandishwe. Mzunguko kwenye sentrifuji ni wa awamu mbili: kwa kawaida 1,600 g (g ni nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 10, plazma inanyonywa bila kugusa tabaka jeupe la katikati, kisha 16,000 g dakika 10 nyingine. Anayenyonya hadi tone la mwisho karibu na tabaka lile anarudisha chembe nyeupe kwenye sampuli.

Chembe nyeupe zinaleta mtego mwingine. Kadiri umri unavyosonga, baadhi ya seli zinazotengeneza damu hupata mabadiliko yao kwenye jeni kama DNMT3A, TET2, na hata TP53, ATM au CHEK2. Kipimo kikisoma plazma peke yake, badiliko la ATM lililotoka kwenye damu linaweza kuhesabiwa kuwa la saratani ya tezi dume, mgonjwa akaanzishiwa dawa isiyomhusu ya kuzuia PARP, kimeng'enya cha kurekebisha DNA. Suluhisho ni kusoma pia chembe nyeupe za mgonjwa huyo huyo. Maabara isipofanya hivyo, ulizeni kabla ya kuandika dawa. Na badiliko la jeni ya BRCA2 likikaribia asilimia 50 ya nakala zilizosomwa, fikirieni kwamba huenda ni la kurithi. Hapo familia nayo inahusika.

Kwenye kuchagua dawa za saratani iliyosambaa, kanuni ni nyepesi: kilichoonekana kinaaminika zaidi kuliko kisichoonekana. Badiliko la jeni ya EGFR la saratani ya mapafu likipatikana kwenye damu, matibabu yanaweza kuanza. Marekani iliidhinisha kipimo hicho cha plazma mwaka 2016. Lisipopatikana, rudini kwenye kinyama. Damu ichukuliwe ugonjwa ukiwa umeanza kusonga tena, kabla ya kubadilisha dawa, kwani dawa inayofanya kazi hupunguza umwagaji. Pia damu haionyeshi umbo la seli: saratani iliyogeuka kuwa ya seli ndogo inahitaji kinyama na darubini.

Limebaki swali gumu kuliko yote: DNA imeonekana, picha ni safi. Kuongeza ukali wa dawa kunavutia, lakini utafiti wa DYNAMIC-III kwa hatua ya tatu haukuonyesha kwamba kuliwasaidia waliokuwa na DNA kwenye damu. Ninachokubali kwa sasa ni kurudia kipimo, kupiga picha kwa makini zaidi, na kumtafutia mgonjwa nafasi kwenye majaribio ya tiba. Na namba zisilinganishwe ovyo. Maabara moja hutoa asilimia, nyingine hutoa nakala kwa mililita. Mgonjwa akihamia maabara mpya, namba ya kwanza ya huko ndiyo msingi mpya, na kupanda au kushuka kuhesabiwe kuanzia hapo.