Mzigo wa Majani Kwenye Barabara ya Mweka

Juma lililopita foleni ya asubuhi ilitusimamisha ndani ya daladala karibu na Mwenge, mahali ambapo vijana wa usafi walikuwa wakifyeka nyasi za kando ya barabara. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na harufu ya nyasi mbichi ilipoingia dirishani nilijikuta Moshi, Jumapili ya Machi 1, 2020, nikiwa na namba kifuani na kichomi ubavuni.

Dada alikuwa amenijazia fomu ya nusu marathoni bila kuniuliza, kama ilivyo desturi yake, na baba watoto alikuwa amekubali kubaki na watoto kwa masharti ambayo hayahusu simulizi hii. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilikuwa imerejea Desemba iliyotangulia, baada ya reli kulala kwa miaka mingi, nami nilitamani tuipande. Lakini Dada hana subira ya treni, kwa hiyo tulikwenda kwa basi na kufika tukiwa tumevimba miguu kabla hata ya kukimbia.

Kwamba Wachaga wa Dar es Salaam hurudi nyumbani kila Desemba ni jambo linalojulikana na lililokwisha kufanyiwa utani wa kutosha. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, imeupa mji wa Moshi Krismasi ya pili, isipokuwa hii huja na wageni wengi wasio na shangazi wa kufikia kwake. Nyumba za kulala wageni hujaa hadi wengine hulazimika kulala Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi, na kuamka usiku wa manane ili wawahi. Siku ya Jumamosi watu huranda mjini wakiwa na mifuko yenye fulana na namba, hupiga picha kwenye mnara wa saa, na huuliza mlima uko upande gani, kwa sababu mlima wenyewe mchana hujifunika mawingu na humwachia mgeni kazi ya kuamini tu.

Asubuhi ya mbio ulijionyesha. Tulikuwa tumekusanyika kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na Kibo, kilele cha mlima, ikaonekana nyeupe juu ya paa za nyumba kwa muda mfupi, watu wakaacha kunyoosha viungo wakageuza simu zote upande mmoja. Wale wa kilomita 42 walitangulia, kwa kuwa wao hupelekwa kwanza kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kisha hurudishwa mjini na ndipo wapande Mweka miguu ikiwa imekwisha kuchoka, mpango ambao naamini ulibuniwa na mtu asiyekimbia. Sisi wa kilomita 21 tulielekezwa mlimani. Wale wa kilomita 5 walibaki nyuma wakicheza muziki, na hata sasa nadhani wao ndio walioielewa siku ile kuliko sote.

Anayeendesha gari kwenye barabara ya Mweka hahisi sana kwamba anapanda. Anayekimbia hana bahati hiyo: mbio zote hufanyika kati ya mita 800 na kitu na mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na karibu tofauti hiyo yote imelundikwa kwenye kipande hicho kimoja cha njia. Dada aliniacha mapema. Nilipofika mahali ambapo nyumba zinakaribiana na migomba inaanza kuegemea barabara, nilikuwa natembea, huku watoto wamejipanga pande zote mbili wakinyoosha viganja ili tuvigonge. Nilivigonga vyote nilivyoweza kuvifikia. Machi 16, ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, viganja vile ndivyo vilivyonijia akilini kabla ya jambo lingine lolote.

Mbele yangu, ukingoni mwa lami, mzigo wa majani ulikuwa ukipanda mlima. Nasema mzigo kwa sababu kwa nyuma mtu hakuonekana: mabingobingo marefu yalikuwa yameangukia mabegani pande zote, na chini yake ilionekana khanga iliyolowa, halafu visigino viwili vilivyopasuka ndani ya kandambili, vikienda kwa mwendo usioongezeka wala kupungua. Nilidhani nitampita mara moja. Nilikimbia kidogo, nikachoka, nikatembea, na umbali kati yetu ukabaki uleule. Nilipokazana tena na kumfikia, niliona kwamba mzigo umefungwa kwa kamba za mgomba, mundu umechomekwa katikati, na kichwani kuna kata iliyosokotwa kwa majani makavu ya mgomba. Umande ulikuwa ukimdondokea usoni tone moja moja, naye alikuwa akiyapuliza matone kwa pembe ya mdomo, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Poleni na kazi."

Nikamwambia kwamba si kazi, ni mchezo tu. Hakuweza kugeuza shingo, kwa hiyo aligeuka mwili mzima ili anitazame, na majani yakanifagia kifuani na kuilowesha namba yangu.

"Mchezo," alisema. "Na wanawalipa shilingi ngapi?"

"Hawatulipi, bibi. Sisi ndio tunaolipa."

Alitembea hatua kadhaa bila kusema neno. Kisha akauliza kama hata wale wembamba waliopita mwanzo, wale Wakenya, nao wamelipa. Nikamweleza kwamba wale wa mbele hupewa fedha wakishinda. Hapo aliridhika kidogo. "Basi hao wanajua wanachokifanya," alisema.

Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia ukoo wetu, na kwamba kwetu ni Uru. Akaingia kwenye Kichaga moja kwa moja, nami nikawa naitikia pale nilipodhani panaitikika, mpaka akatambua na kurudi kwenye Kiswahili bila kunisema. Ningependelea aniseme. Mimi nami nikamuuliza kwa nini abebe mzigo mzito hivyo siku ya Jumapili.

"Ng'ombe hana Jumapili."

Siku nyingine, alieleza, hukata majani kwenye mashamba ya chini na kumpa kijana wa bodaboda ampandishie, yeye akarudi mikono mitupu. Lakini mwishoni mwa juma lile vijana wote walikuwa mjini wakipakia wageni, na mgeni mmoja kutoka stendi hadi hotelini hulipa kuliko mzigo mzima wa majani hadi Mweka. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaarifu kwamba mvua za mwaka huu zimewahi.

Wakati huohuo Mzungu mmoja mrefu, mwenye namba ya nusu marathoni, alikuwa akishuka kwa kasi upande wa pili. Alipomwona bibi alipunguza mwendo, akampigia makofi kwa nguvu na kumwinulia dole gumba. Bibi akaniuliza anampongeza kwa lipi. Nilitafuta jibu ambalo lisingemdhalilisha yeyote kati yao wawili, nikasema labda anafurahi kuona mtu mzima mwenye nguvu.

"Mwambie pole," alisema, lakini Mzungu alikuwa amekwisha kupita.

Nikamwomba nimpokee mzigo, japo kwa kipande kifupi. Alicheka, na majani yote yakatikisika pamoja naye. "Utaufikisha wapi, mwanangu? Ninyi mnageukia pale juu. Mimi kwangu ni mbele."

Ilikuwa kweli. Kwenye kigeuzio palikuwa na meza ya maji na machungwa, na wanafunzi waliojitolea walikuwa wakimgawia kila anayefika. Kijana mmoja akamnyoshea bibi kipande cha chungwa kama alivyowanyoshea wengine wote. Bibi hakuwa na mkono wa kupokelea. Yule kijana akasita, akanitazama mimi, akamtazama bibi, kisha akakiweka kipande kile mdomoni mwa bibi kwa adabu kubwa, naye akaendelea kupanda na chungwa mdomoni wakati mimi nikigeuka.

Kuteremka hakuna mengi ya kusimulia zaidi ya magoti. Nilimaliza, nikavishwa medali, nikamkuta Dada amekwisha kula nyama choma na yuko kwenye duru la pili, uwanja mzima ukiruka kwa muziki na watu wasiofahamiana wakikumbatiana kwa majasho. Nilipomsimulia habari ya bibi alinisikiliza nusu, kisha akaniambia nisianze.

Nilikuwa nimekwisha kuanza. Njia nzima ya kushuka nilikuwa nikiutazama ule ukijani ambao kila mgeni huusifu, migomba juu ya kahawa na miti mirefu juu ya migomba, na kuukumbuka kwa namna niliyokuwa nimeisahau tangu nikiwa mtoto wa kuletwa huku likizo. Vihamba vya mteremkoni, yaani mashamba yanayozunguka nyumba za Wachaga, ni vidogo mno kwa malisho. Ng'ombe hukaa bandani na chakula humfuata pale alipo. Samadi yake ndiyo hurudi kwenye migomba na kahawa. Na katika migomba hiyo hutoka mtori na mbege ambavyo wageni huagiza usiku wa kuamkia mbio na usiku wa baada yake. Sehemu kubwa ya mandhari ile ya kupigwa picha imepandishwa mlimani kichwani mwa mtu, mzigo baada ya mzigo, na mimi nilikuwa nimelipa ili nipite katikati yake nikiwa na kaptula.

Dada ana hoja yake, nami sikuweza kuivunja. Alisema hao vijana wa bodaboda ni wajukuu wa bibi haohao, na fedha ya mgeni haiishii stendi, inapanda nayo. Huenda. Sina hakika kama kuna kijana yeyote aliyepanda jioni ile na sukari ya bibi yake, na sina hakika pia kwamba hakuwapo.

Jioni tulikwenda Uru kwa Shangazi. Alikuwa amepangisha vyumba viwili kwa vijana wa Dar es Salaam, waliokimbia kilomita 5 na ambao bado walikuwa na nguvu za kutisha. Fedha yao, alitueleza kwa sauti ya chini akiwa jikoni, ingenunua pumba za ng'ombe za kutosha kuvuka kipindi chote cha masika, na Dada akanitazama kwa ushindi juu ya sufuria la ndizi. Shangazi akaniambia nitoke nikamkatie ng'ombe majani kabla giza halijaingia. Niliinuka, mapaja yakakataa, nikakaa tena, naye akasema kwamba mtu akiona medali atadhani nimetoka kufanya jambo la maana.

Wale vijana walisikia wakasema wao watakwenda, wamekuwa wakitamani kujaribu. Wakatoka na mundu mmoja watu wanne, wakakata kwa zamu, mmoja akikata na watatu wakimpiga picha, wakarudi wakicheka na kifungu ambacho ng'ombe alikimaliza tukiwa bado tumesimama pale bandani. Shangazi aliwashukuru sana. Alisubiri waingie kuoga, akauchukua mundu pale walipouacha, akaenda kumalizia.