Fimbo ya Kupimia Vigunduzi vya Moshi Inahitaji Tahadhari Yake

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kengele za moto katika majengo ya Dar es Salaam, na chombo ninachokitegemea kuliko vyote ni fimbo ya kurefusha, ambayo humwezesha fundi kufikia kigunduzi cha moshi kilichofungwa darini huku miguu yake ikiwa sakafuni. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu zinamtaka mwajiri aepuke kumpandisha mtu pale ambapo kazi inaweza kufanyika kutoka chini, na fimbo hii inatimiza takwa hilo vizuri sana. Nasikitika, hata hivyo, ninapoona mafundi wakiishika kama fagio la kuondolea utando wa buibui, kwa kuwa hatari ya kuanguka kutoka kwenye ngazi imepungua, lakini shingo, macho na vidole vya aliyeishika, pamoja na kichwa cha mpita njia, vimebaki vikihitaji kulindwa.

Namna ya kuirefusha ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Anza na kipande chembamba cha juu, kwa sababu ukianza na kile kinene cha chini, maungio mengine yatapanda mbali na mikono yako kabla hujahakikisha kuwa yamejifunga. Kitufe cha kila ungio kikishachomoza kwenye tundu lake, jaribu kukisukuma na kukivuta kipande hicho kabla ya kuendelea na kinachofuata. Wakati wa kuifupisha, vipande hushuka kwa uzito wake na huweza kubana vidole vibaya, kwa hiyo shika kipande cha juu kwa mkono mmoja na ukiteremshe polepole. Ukiongeza vipande vya ziada, kichwa cha kupimia, yaani kikombe cha juu kinachofunika kigunduzi na kukipulizia moshi wa majaribio kutoka kwenye kopo, huweza kufika takriban mita 9 kutoka sakafuni, na katika urefu huo fimbo hupinda na kuyumba kiasi kwamba mtu mmoja hapaswi kufanya kazi peke yake. Msaidizi abaki chini akiwazuia watu wasipite, na wote wawili wavae kofia ngumu na miwani ya kinga, maana vumbi na wadudu waliokauka huanguka mara tu kikombe kinapogusa kigunduzi.

Fimbo nyingi hutengenezwa kwa faibaglasi, ambayo haipitishi umeme ikiwa safi na kavu. Hapa pwani, unyevu na chumvi ya hewani huacha utando juu ya kila kitu, kwa hiyo ifute kabla ya kuitumia, na hata hapo usiikaribishe kwenye nyaya zilizo wazi. Feni za dari lazima zizimwe na mapanga yake yasimame kabisa. Zaidi ya kuweza kuipiga fimbo, upepo wake hupeperusha moshi na kukufanya udhani kigunduzi ni kibovu.

Unapopima, simama hatua moja nyuma ya kigunduzi badala ya kukaa chini yake moja kwa moja, ili shingo isipinde kupita kiasi na mabaki ya moshi wa kopo yasikudondokee usoni. Mpulizo mfupi hutosha, kwani ukizidisha, mabaki hubaki ndani ya chemba ya kigunduzi na baadaye yanaweza kuleta kengele za uongo. Makopo yenyewe hayapaswi kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, hasa hapa kwetu ambako joto la ndani ya gari hupanda upesi kupita nyuzi 50. Kwa vigunduzi vya joto hutumika kichwa kinachopuliza hewa ya moto, nacho kiwekwe mbali na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto, kwa sababu kichupa chekundu cha kioo kinachozuia maji ya kinyunyizio hupasuka kwenye nyuzi 68 na ofisi nzima ikalowa.

Kabla ya yote hayo, watu wa jengo wajulishwe, pamoja na kituo kinachopokea ishara ya kengele kama kipo, na amri zinazotoka kwenye paneli kuu ya kengele kwenda kwenye lifti, viyoyozi na hasa mitungi ya gesi ya kuzimia moto zizuiwe, kila moja ikiandikwa kwenye karatasi. Kwa kuwa kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1 kuhusu mifumo ya kengele za moto kinataka kila kigunduzi kipimwe walau mara moja kwa mwaka, kile ambacho fimbo haikukifikia kiandikwe kwa namba yake kwenye daftari la jengo, ili jukwaa la kupandia liandaliwe kwa ajili yake. Mwishoni, subiri moshi uishe, rudisha paneli katika hali ya kawaida, kisha uifuate ile karatasi mstari kwa mstari hadi kila kilichozuiwa kiwe kimefunguliwa.