Tishio, au hatari tu?

Leo nimeyaweka maazimio mawili ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ubavu kwa ubavu, na tofauti ya maneno machache imenikalia kichwani tangu asubuhi.

Azimio 1308 la Julai 2000, kuhusu VVU na UKIMWI, linasema janga hilo lisipodhibitiwa linaweza kuhatarisha utulivu na usalama. Linaweza. Azimio 2177 la Septemba 2014, kuhusu Ebola, halina kigugumizi hicho: linatamka kwamba ukubwa wa mlipuko ule barani Afrika ni tishio kwa amani na usalama wa kimataifa. Anayeijua Ibara ya 39 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa husimama hapo, kwa sababu tamko la namna hiyo ndilo linalofungua Sura ya Saba, yenye vikwazo na hata nguvu za kijeshi. Baraza halikuitaja Sura hiyo, liliishia mlangoni. Hata hivyo, kirusi kilikuwa kimepewa jina ambalo mwaka 1945 waandishi wa Mkataba waliliandalia majeshi yanayovuka mipaka.

Kabla ya maazimio yote mawili kuna ripoti ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyomweka binadamu mahali pa nchi kama wa kulindwa na kutaja maeneo saba ya usalama wake: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, jamii na siasa. Naipenda, ila haimsaidii anayegawa bajeti: haisemi lipi litangulie. (Kiswahili chetu kilishazibeba maana zote mbili: "umefika salama?" ni swali la upendo, lakini "mtu wa usalama" akipita, watu hushusha sauti.)

Kwangu, waliolifungua vizuri zaidi fumbo la nini hulifanya jambo liwe la usalama ni wanazuoni wa uhusiano wa kimataifa Ole Wæver na Barry Buzan. Kwao, jambo halizaliwi la usalama, husemwa likawa. Anahitajika msemaji mwenye uzito, kitu kinachodaiwa kuwa hatarini, dai la kufa na kupona, na hadhira inayokubali; ndipo hatua za kuruka taratibu za kawaida hupata uhalali. Wengi husahau hadhira. Desemba 2021, rasimu ya Ireland na Niger kuhusu tabianchi na usalama ilipata kura 12, ikaangushwa na kura ya turufu ya Urusi. India nayo ilipinga, China haikuegemea upande wowote. Ukame haukupungua siku ile, ila hadhira ilikataa jina.

Na jina likikubaliwa, hufanya kazi kwa namna isiyotabirika. Mhamiaji akiitwa tishio, faili lake huhama mikononi mwa watu wa ajira na kwenda kwa polisi wa mpakani. Lakini Azimio 2177 lilielekea kinyume: lilizitaka nchi ziondoe vizuizi vya jumla vya safari na mipaka, kwa kuwa viliwazuia wahudumu na vifaa kufika kwa wagonjwa.

Nimerudi tena kwenye lile la 2000. Sehemu yake ya utekelezaji inazungumzia zaidi walinda amani: mafunzo ya kinga, ushauri nasaha, upimaji wa hiari na wa siri. Raia walikuwa wakifa kwa mamilioni, lakini UKIMWI ulipoingia katika ukumbi wa usalama, mgonjwa wa kwanza kuonekana alikuwa askari.